Asili ya Vitabu vya Budha na Lugha ya Kipali

Wahenga walinena ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka katika mji wa Isiolo aujua ukweli wa neno hili, na mfugaji aliyewahi kuuza ng'ombe kwa mkopo aujua zaidi. Lakini historia yatuonyesha mali moja iliyokaa kwa muda wa karne tatu au zaidi bila daftari lolote, ikapita katika vinywa vya maelfu ya watu, ikavuka bahari, wala haikupotea. Mali hiyo ni mafundisho ya Budha, ambayo leo yamo katika mkusanyo wa vitabu uitwao Tipitaka, yaani Makapu Matatu, katika lugha iitwayo Kipali. Katika insha hii nataka tufuatane, mimi na wewe msomaji, tutazame jinsi mali hiyo ilivyotunzwa, ni nani waliyoitunza, na kwa sababu gani hatimaye daftari lilihitajiwa.

Huenda ukauliza: habari hizi za Bara Hindi zatuhusu nini sisi wa Afrika ya Mashariki? Jibu la kwanza ni kwamba lugha ya Kipali si mgeni kabisa katika pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wasinhala, watu wa kisiwa cha Sri Lanka, ambacho wakati huo kiliitwa Ceylon, walifika Tanganyika na Unguja kutafuta kazi na biashara. Katika mji wa Dar es Salaam walijenga hekalu, wakapanda mti wa bodhi, ambao ni wa jamii moja na mkuyu. Maneno yaliyoimbwa katika hekalu hilo hayakuwa Kisinhala cha nyumbani kwao, bali Kipali. Jibu la pili nitaliweka mpaka mwisho, kwani lahusu mambo yaliyo karibu nasi zaidi kuliko Dar es Salaam.

Budha, ambaye jina la ukoo wake lilikuwa Gotama, alizaliwa Lumbini, mahali palipo katika nchi ya Nepal ya leo. Wanazuoni hawakubaliani juu ya miaka yake. Lakini wengi wa siku hizi huona kwamba alifundisha katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Mapokeo yasema kwamba aliiacha nyumba yake ya fahari, akatafuta ukweli kwa shida nyingi, kisha akazunguka katika bonde la mto Ganges kwa muda wa miaka 45 akifundisha. Alisema na wafalme na wakulima, wafanyabiashara na watu waliodharauliwa. Jambo moja hakulifanya: hakuandika. Ukiacha alama za kale za Bonde la Indus, ambazo hadi leo hazijasomeka, maandishi ya kwanza ya Bara Hindi ambayo tarehe yake ni thabiti ni ya karne ya 3 kabla ya Kristo. Watu wa zama za Budha walihifadhi mambo matakatifu kwa kuyasikia na kuyakariri. Makuhani wa Kibrahmani walikuwa wakihifadhi nyimbo zao za ibada kwa njia hiyo tangu zamani, tena kwa uangalifu usiovumilia kosa la hata sauti moja.

Hapa lazuka swali la lugha. Makuhani walitumia Kisanskriti cha kale, lugha ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuifuata bila kufundishwa. Budha aliwaendea watu katika lugha zao. Katika vitabu vya kanuni za watawa yamo masimulizi ya ndugu wawili wa ukoo wa Kibrahmani, mabingwa wa ufasaha, ambao walichukizwa kusikia watawa wa makabila mbalimbali wakiyasema mafundisho kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Walimwomba mwalimu wao ruhusa ya kuyaweka mafundisho hayo katika lugha tukufu ya makuhani. Budha aliwakatalia na kuwakemea, akaagiza mafundisho yaendelee kujifunzwa katika lugha ya kawaida. Wanazuoni wangali wanabishana juu ya maana halisi ya agizo hilo, kama alikusudia lugha ya kila msikilizaji au lugha yake mwenyewe. Lakini kiini chake ni wazi: hakutaka elimu yake ifungiwe katika lugha ya wachache.

Budha alipofariki, wanafunzi wake walikabiliwa na hatari kubwa. Mwalimu hayupo tena, daftari hapana, kila mmoja alikumbuka alichokisikia. Mapokeo yatuambia kwamba watawa 500 walikusanyika katika mji wa Rajagaha, chini ya uongozi wa mzee Mahakassapa. Upali, aliyekuwa kinyozi kabla ya kuingia utawani, aliulizwa juu ya kanuni. Ananda, aliyemhudumia Budha kwa miaka mingi na kuyasikia mengi kuliko wengine, aliulizwa juu ya mafundisho. Kila walichokisema kilipokubaliwa, watawa wote walikikariri kwa pamoja. Ndiyo sababu mafundisho mengi huanza kwa msemaji kukiri kwamba anasimulia jambo alilolisikia, kisha hutaja mahali Budha alipokuwa na watu aliokuwa nao. Wanahistoria wa leo hawakubali kila sehemu ya masimulizi ya mkutano huo. Hata hivyo, wao pia hukubali kwamba kazi ya kukusanya na kukariri ilianza mapema, na kwamba ilifanywa na watu wengi kwa pamoja.

Usidhani, msomaji, kwamba kukumbuka huko kulikuwa kazi ya kubahatisha. Kulikuwa na ufundi wake. Kwanza, mafundisho yalifungwa kwa hesabu: kweli nne, njia yenye sehemu nane, na kadhalika. Mkusanyo mmoja mzima umepangwa kwa idadi, ukianza na mambo ya moja moja, kisha ya mawili mawili, hata kufikia kumi na moja. Pili, maneno yalirudiwarudiwa kwa mpango uleule, kiasi kwamba msomaji wa leo huchoka. Lakini marudio hayo hayakuwekwa kwa ajili ya jicho, yaliwekwa kwa ajili ya ulimi na sikio. Tatu, kazi iligawanywa. Walikuwako watawa waliohifadhi mafundisho marefu, wengine ya urefu wa kati, na wengine kanuni, na kila kundi likawa na walimu na wanafunzi wake. Nne, na hili ndilo kubwa, walikariri pamoja. Mtu akariripo peke yake aweza kuteleza asijue. Akariripo katikati ya wenzake ishirini, kosa lake hujulikana papo hapo.

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo alitawala mfalme Ashoka, ambaye milki yake ilienea karibu Bara Hindi zima. Baada ya vita vilivyoua watu wengi mno, mfalme huyu alijuta, akaifuata njia ya Budha, akaamuru maneno yake yachongwe juu ya miamba na nguzo. Mwamba mmoja uliopatikana Bairat, katika jimbo la Rajasthan, wataja kwa majina mafundisho saba ya Budha ambayo mfalme aliwahimiza watawa na waumini kuyasikiliza mara kwa mara. Basi twajua kwa ushahidi wa jiwe kwamba wakati huo yalikuwapo tayari mafundisho yenye majina, yaliyojulikana na wengi. Katika zama hizo, mtawa Mahinda, ambaye mapokeo humwita mwana wa Ashoka, alivuka bahari mpaka Sri Lanka pamoja na wenzake. Hawakubeba vitabu. Walichokibeba kilikuwa vifuani mwao.

Kwa karibu karne mbili watu wa kisiwa waliyatunza mafundisho kwa njia ileile ya kale. Kisha, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, wakati wa mfalme Vattagamani, mambo mawili yalikuja pamoja: vita na njaa. Mfalme aliondolewa katika kiti chake na wavamizi kutoka kusini mwa Bara Hindi, akaishi mafichoni kwa miaka mingi. Ardhi ikakauka, ghala zikawa tupu. Watawa hawalimi wala hawafugi. Huishi kwa chakula wanachopewa na watu, na watu wenyewe hawakuwa na kitu. Wengi walikufa, wengine walivuka bahari kwenda bara. Masimulizi ya kale yasema kwamba kundi la watawa waliobaki walijenga vibanda kandokando ya mto, wakala mizizi na majani. Walipokuwa na nguvu waliketi wakakariri. Nguvu zilipowaisha, walilala juu ya mchanga huku vichwa vyao vikielekea mahali pamoja, wakaendelea kukariri kwa sauti ndogo, wasije wakasahau. Yasemekana njaa hiyo iliendelea kwa miaka 12.

Jambo jingine linalosimuliwa juu ya nyakati hizo ni la kutisha kwa namna yake. Kitabu kimoja kilibaki katika kumbukumbu ya mtawa mmoja tu, na mtawa huyo alikuwa mtu wa tabia mbaya ambaye wenzake hawakumheshimu. Mzee mmoja mwadilifu aliona aibu kwenda kuketi miguuni pa mtu kama huyo. Lakini alishauriwa aende ajifunze, kwa kuwa mtu yule akifa, kitabu kingekufa naye. Akaenda, akajifunza. Fikiri sana juu ya habari hii: elimu ya vizazi vingi ilikuwa imening'inia juu ya pumzi ya mtu mmoja.

Mfalme Vattagamani alipopata tena ufalme wake, watawa walikuwa wamekwisha kujifunza somo lao. Mapokeo yasema walikusanyika Aluvihara, mahali penye mapango karibu na mji wa Matale, wakayaandika makapu yote matatu: kapu la kanuni, kapu la mafundisho, na kapu la uchambuzi. Waliandika juu ya majani makavu ya miti ya jamii moja na mikoma unayoiona kando ya mto Ewaso Nyiro. Katika kazi ya namna hiyo jani hukatwa na kulainishwa, herufi huchorwa kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, kisha hupakwa wino mweusi unaoingia katika mikwaruzo, na majani hufungwa pamoja kwa uzi. Jani hilo huliwa na wadudu na kuozeshwa na unyevu, kwa hiyo kila baada ya muda lazima linakiliwe upya. Hata baada ya kuandika, basi, kazi haikuisha. Wala ulimi haukuachwa, kwani watawa waliendelea kukariri, na wanakariri hata leo.

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Watu wengi wa dini hiyo huamini kwamba Kipali ni Kimagadhi, lugha ya nchi ya Magadha alikohubiri Budha. Wataalamu wa lugha wameona jambo lenye utata zaidi, na ushahidi wao mmoja umetoka katika miamba ya Ashoka. Mfalme huyo aliamuru maneno yaleyale yaandikwe kwa lahaja za sehemu mbalimbali. Neno la kumtaja mfalme lilichongwa "laja" upande wa mashariki, uliko Magadha, lakini upande wa magharibi, huko Girnar, lilichongwa "raja". Kipali husema "raja", kama watu wa magharibi. Hata hivyo yamo ndani yake mabaki ya lahaja za mashariki. Neno "bhikkhave", ambalo Budha hulitumia kuwaita watawa wake, lina mwisho wa Kimashariki. Maana yake ni kwamba maneno yalianza mashariki, yakasafiri, yakavaa nguo za kila nchi yalimopita, na mwishowe yakatengenezwa na kusawazishwa. Kipali, basi, hakikuwa lugha ya mtaa wowote mmoja.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi wasemao Kiswahili. Mtu wa Mombasa au Lamu aliyesema "ndia" na mtu wa Unguja aliyesema "njia" walikuwa wakielewana, lakini vitabu vya shule vilitaka namna moja. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 iliundwa kamati ya nchi nne kukisanifu. Kiswahili unachokisoma hapa ni tunda la kazi hiyo. Kipali nacho kilisanifiwa, ila si na kamati iliyokaa mezani, bali na ndimi za watawa kwa muda mrefu. Hata jina lake lilikuja baadaye: neno "pali" lilimaanisha maandiko yenyewe, kwa kuyatofautisha na maelezo yake; na lugha ya maandiko ikaitwa kwa jina hilo. Tena, Kipali hakina herufi zake chenyewe. Wasinhala hukiandika kwa herufi zao, Waburma kwa zao, na Wathai kwa zao. Huko Mandalay, katika nchi ya Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar, makapu yote matatu yalichongwa juu ya mawe 729 ya marmari, kazi iliyokamilika mwaka 1868. Mwaka 1881 Mwingereza T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali huko Ceylon, alianzisha London chama cha kuyachapa maandiko hayo kwa herufi za Kirumi, hizi tunazozitumia sisi.

Msomaji mwenye hekima atauliza: tutajuaje kwamba watawa wale hawakukosea, au hawakuongeza ya kwao? Swali hili ndilo roho ya kazi ya historia, na njia ya kulijibu ni kulinganisha mashahidi. Mafundisho ya Budha hayakwenda Sri Lanka peke yake. Makundi mengine ya watawa yaliyachukua kuelekea kaskazini, na katika karne ya 4 na ya 5 baada ya Kristo mikusanyo yao ilitafsiriwa kwa Kichina. Katika miaka ya 1990 Maktaba ya Uingereza ilipata maandiko juu ya maganda ya mti, yaliyotoka sehemu za Afghanistan na Pakistan, katika lugha ya Kigandhari. Wataalamu waliyakadiria kuwa ya karibu karne ya 1 baada ya Kristo, nayo ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya dini hiyo yaliyosalia. Kipali, Kichina na Kigandhari vikiwekwa pamoja, tofauti zaonekana: mpangilio si mmoja, hadithi hii ni ndefu huku na fupi kule. Lakini kiini cha mafundisho mengi ni kimoja. Mashahidi hawa waliotengana kwa milima na bahari hawakupatana kusema uongo. Panapo mapatano baina yao, twaweza kusema kwamba neno hilo ni la kale kuliko utengano wao. Panapo tofauti, twajua kwamba mkono wa mtu mmoja au zama moja umepita hapo.

Nilikuahidi jibu la pili, nalo ni hili. Habari za watawa wa Sri Lanka zina ndugu zake karibu nasi. Wanafunzi wa Kiislamu wa Isiolo waliokariri Kurani tangu utotoni wamefundishwa kwamba mwaka 633 hivi, katika vita vya Yamama, waliuawa watu wengi waliokuwa wamehifadhi Kurani moyoni, na kwamba msiba huo ndio uliomfanya Umar amshauri Khalifa Abu Bakr ikusanywe katika maandishi. Dini ni mbalimbali, lakini hofu ni moja: wahifadhi wakifa, nini kitabaki?

Tena watazame Waborana. Katika Ethiopia ya kusini na Kenya ya kaskazini, wazee wenye elimu ya mambo ya kale huihesabu historia kwa vipindi vya gada, vya miaka minane minane, kila kipindi kwa jina la kiongozi wake, Abba Gada. Wao hutaja majina hayo kwa mfuatano, na kufunga kila vita, kila ukame na kila tauni ya mifugo katika kipindi chake. Kila baada ya miaka minane hufanywa huko Ethiopia mkutano mkuu uitwao Gumi Gayo, ambapo sheria husemwa mbele ya watu wote. Bila shaka umekwisha kuona mfano: hesabu, mpangilio, na kusema pamoja hadharani. Ni ufundi uleule wa Rajagaha, uliobuniwa na watu ambao hawakupata kusikia jina la Rajagaha. Mwaka 1973 mwanazuoni Asmarom Legesse alichapisha kitabu chake juu ya gada, na sehemu ya elimu hiyo ikapata daftari.

Vita na njaa navyo havikutupita. Kati ya mwaka 1963 na 1967, katika Vita vya Shifta, jamaa nyingi za Isiolo zilikusanywa katika kambi sehemu za Garba Tula na Merti; mifugo mingi ilikufa, na watu walioishi kwa ng'ombe na ngamia wakawa maskini kwa muda mfupi. Tangu hapo ukame umerudi mara nyingi. Mzee aliyepoteza mifugo huhesabiwa hasara yake kwa idadi ya ng'ombe. Lakini hakuna ahesabuye majina ya visima, nasaba za koo, mapatano ya malisho na habari za njia za kuhama zilizozikwa pamoja na wazee. Vifo hivyo havipigiwi mbiu.

Basi wewe unayesoma shuleni una kalamu ambayo watawa wa kando ya mto hawakuwa nayo. Nenda kwa mzee wa kwenu, awe Mborana, Msomali, Msamburu, Mturukana au Mmeru, umwombe kwa adabu akueleze jambo moja tu analolijua vizuri: kisima fulani, ukame fulani, au asili ya ukoo. Andika kwa lugha yake mwenyewe, kwa maneno aliyoyatumia yeye, wala usiyapambe kwa Kiingereza au Kiswahili cha darasani. Andika jina lake kwa idhini yake, mahali mlipoketi, tarehe, na ni nani aliyemsimulia yeye. Kisha nenda kwa mzee wa pili juu ya jambo lilelile. Wakitofautiana, usifute neno la mmoja kwa ajili ya mwingine, bali yaandike yote mawili. Na kabla ya kuondoka kwa kila mmoja, msomee kwa sauti ulichoandika, mbele ya jamaa zake waliopo, ili ulipokosea wakusahihishe.